Kamera ya Kuingia Nayo Majini: Mita Ziangalie Mwisho

Mtu akishaamua anataka kamera ngumu, ile ya kudondoka isipasuke na kuzama isife, swali lake la kwanza huwa ni hilo hilo, inashuka mita ngapi? Na watengenezaji wanalijua, ndo maana namba ya mita inaandikwa kubwa mbele ya boksi kuliko kitu kingine chochote, 15, 20, 25, 30, yaani unaona kabisa kuna mashindano hapo. Nikon W300 ilitoka 2017 ikiwa na mita 30, mwaka uliofuata Panasonic FT7 ikaja na mita 31. Thelathini na moja! Mniache tu na imani yangu kwamba ile mita moja ilikuwa ya kumjibu jirani.

Mi nasema mita ziangalie mwisho. Sio kwamba hazina maana, zina maana kwa watu wachache sana, na hao wachache wanajijua. Wengi wetu tukiingia majini tunaelea juu na miwani na mrija, ukijitahidi ukazama unagusa mita tatu nne hivi, masikio yanaanza kuuma, unarudi juu. Kwa hayo matumizi kamera ya mita 15 na ya mita 31 ni kitu kile kile kabisa. Anayehitaji kuhesabu mita ni mpiga mbizi wa mitungi, na kwa yeye hesabu inageuka upande mwingine, manake cheti cha kwanza cha PADI (shirika la kufundisha kupiga mbizi) kile cha Open Water kinamruhusu kwenda hadi mita 18, kwa hiyo kamera iliyoandikwa 15 haimtoshi hata kwa cheti chake cha mwanzo. Huyo anahitaji kasha la plastiki ngumu la kuvalisha kamera, na akishakuwa na kasha ile namba ya kwenye boksi haimsaidii tena sana, inabaki kuwa bima tu kasha likivuja. TG-6 ya Olympus kwa mfano, yenyewe ni mita 15, ukiivalisha kasha lake la PT-059 inakwenda mita 45, ambazo ni nyingi kuliko mita 40 ambazo wapiga mbizi wa kujiburudisha huambiwa wasizivuke.

Alafu kuna suala la hiyo namba imepatikanaje. Ukisoma karatasi ya sifa utakuta wameandika IPX8 au IP68, hicho ni kipimo cha kimataifa, namba ya kwanza ni vumbi (ikiandikwa X, hilo la vumbi halikutajwa), ya pili ni maji. 7 maana yake kifaa kimezamishwa mita moja kwa nusu saa kikatoka salama. 8 maana yake kimezamishwa kwa masharti makali zaidi ya hapo, na masharti yenyewe anayataja mtengenezaji. Maji ya kupimia ni matamu, yametulia, na kifaa kinaachwa hapo bila kusumbuliwa, na muhimu zaidi ni kifaa kipya. Hakuna chumvi, hakuna mchanga, hakuna mtu anayeruka nayo kutoka kwenye boti ikajipiga juu ya maji. Na kuna kitu watu wengi hawakijui, kupata 8 hakumaanishi kifaa kinahimili maji ya kurushwa kwa nguvu, hicho ni kipimo kingine kabisa, namba 5 na 6. Kwa hiyo inawezekana kabisa kamera ikakaa mita 15 chini salama salimini alafu ukaja kuiharibu kwa mpira wa kuoshea gari. Hii inachekesha lakini ndivyo vipimo vilivyo.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe kinachozuia maji, manake sio lile bodi zito na skurubu zake za kuonekana, bodi linatisha tu watu. Ni ule mpira mwembamba unaozunguka mlango wa betri. Gasketi. Kamera yote ya gharama hiyo imening'inia kwenye kiduara cha mpira laini ambacho hata ukucha unaweza kukichana, na ndo kitu cha kwanza ninachokiangalia nikishika kamera ya aina hii mkononi. Naufungua mlango, naangalia gasketi imekaa wapi (iko mlangoni au kwenye bodi?), inafikika kwa kitambaa au imejificha kwenye kona, mlango unajifunga kwa kitasa kimoja au viwili, na je unaweza kuufunga ukasikia umefunga lakini haujafunga? Hilo la mwisho ndo la hatari kuliko yote. Hizi TG zina kufuli ya hatua mbili, unasukuma, alafu kuna kijiswichi cha pili cha kuikaza ile ya kwanza isijifungue bahati mbaya ikigongwa, na kuna alama ya rangi inayokuonyesha bado iko wazi. Mi hiyo alama ya rangi naithamini kuliko mita kumi za nyongeza.

Kuna jambo la fizikia hapa linalogeuza akili za watu. Kila ukishuka mita 10 presha inaongezeka kama anga moja nzima, kwa hiyo mita 15 chini kila sentimita mraba ya kamera inabeba kilo moja na nusu zaidi ya huku juu. Mtu anasikia hivyo anadhani basi hatari iko chini kule. Mara nyingi ni kinyume chake, ile presha inausukuma mlango ndani, inaukandamiza kwenye gasketi, mlango unazidi kubana. Pale kwenye maji ya kiunoni hakuna kitu kinachoubana mlango zaidi ya kitasa chake, kwa hiyo kama kuna unywele mmoja umelala juu ya gasketi maji yanapita pale pale pembeni ya unywele taratibu na wewe uko unacheka na watoto. Rafiki yangu mmoja kamera yake ilikufa hivyo hivyo, kwenye bwawa la kuogelea, maji hayajafika hata kifuani, kamera iliyoandikwa mita 20. Alivyopeleka kudai waranti wakafungua mlango wakamwonyesha uzi mdogo wa taulo umeganda kwenye mpira. Akaambiwa hiyo ni matumizi mabaya, waranti haihusiki. Alikasirika sana, na mi namwelewa, lakini ukisoma kile kijitabu kinachokuja na kamera wameandika.

Na hicho kijitabu jamani kisomwe KABLA ya kununua, sio baada. Vyote vinapatikana mtandaoni bure kwa PDF. Usianzie ukurasa wa megapikseli, nenda moja kwa moja kwenye kurasa za tahadhari za maji, hapo ndo mtengenezaji anasema ukweli kwasababu mwanasheria wake amekaa pembeni. Utakuta mambo kama usiizamishe kwenye maji ya moto, usioshe kwa sabuni, usifungue mlango ufukweni, usiruke nayo majini, na gasketi ibadilishwe kila mwaka hata kama haionyeshi kuchakaa. Hiyo ya kila mwaka ndo huwa inawashangaza watu. Mpira unazeeka hata ukiwa kabatini, unakauka, unapoteza ule ulaini. Kwa hiyo swali halisi la kumuuliza muuzaji ni nani atanibadilishia gasketi mwakani na kwa shilingi ngapi ukilinganisha na bei ya kamera. Kama hakuna anayejua basi umenunua kamera ya kutumika majini mwaka mmoja, baada ya hapo ni kamera ya mvua.

Matunzo yenyewe ni mepesi ila yanataka mtu asiye na haraka. Ukitoka baharini usiifungue. Iloweke kwenye beseni la maji matamu mlango ukiwa umefungwa, bonyeza bonyeza vitufe vyote ili chumvi itoke kwenye mianya, alafu ifute, iache kivulini ikauke, ndo ufungue. Chumvi ikikauka inakuwa vipunje vigumu, vikiingia kwenye gasketi vinafanya kazi ya msasa. Ukifungua, mlango uangalie chini ili matone yaliyojificha kwenye ufa yadondoke nje yasiingie kwenye betri. Na grisi ya silikoni, hapa watu wanagombana sana, kwenye makasha ya nje huwa inatumika na mara nyingi unapewa tyubu yake, ila kwenye mlango wa kamera yenyewe wengine wanakataza kabisa kwasababu grisi inanasa vumbi na nywele. Fuata kijitabu cha kamera yako, usifuate cha kamera ya mwenzio.

Ukungu nao. Unaingia majini, dakika chache baadaye kila picha ina doa jeupe katikati, unadhani maji yameingia, kumbe ni hewa yenye unyevu uliyoifungia ndani mwenyewe wakati unabadilisha betri juani. Ndani ya maji kioo kinapoa, ule unyevu unageuka matone kwa ndani. Dawa yake ni kubadilisha betri na kadi mapema kwenye chumba kikavu chenye ubaridi alafu usifungue tena mpaka urudi. TG wameweka kioo cha tabaka mbili mbele ya lenzi kupunguza hilo tatizo, inasaidia, ila haikupi ruhusa ya kufungua mlango kwenye boti.

Haya, picha sasa. Hapa ndo pa kusema ukweli mchungu kidogo, kamera nyingi za aina hii zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo sana, ile ya inchi 1/2.33, upana wake milimita 6 na kidogo tu. Sensa ya fremu kamili, ile ya kamera kubwa za kitaalamu, inaizidi eneo kama mara 30. Sababu ni kwamba lenzi haiwezi kutoka nje ikijizumu, kila kitu kinachotoka na kurudi ni tundu jipya la kupitisha maji, kwa hiyo wanailaza lenzi ndani ya bodi, mwanga unaingia mbele unakata kona kwa kioo unashuka chini kwenye sensa. Mpangilio huo ukiutaka kwenye bodi la kuingia mfukoni lazima sensa iwe ndogo. Kwa hiyo mtu akikuambia kamera ngumu ina megapikseli 20 usichangamke. Wale wa TG walitoka megapikseli 16 kwenye TG-4 wakashuka mpaka 12 kwenye TG-5, wakabaki hapo hapo mpaka TG-7 ya 2023, na picha zikawa nzuri zaidi gizani, manake pikseli chache kwenye sensa ile ile kila moja inapata nafasi kubwa ya kukusanya mwanga.

Mwanga ndo kila kitu huko chini. Maji yanaula mwanga, na yanaanza na rangi nyekundu, mita tano tu nyekundu imeshafifia sana, kila kitu ni bluu na kijani, samaki uliyemwona mwekundu kumbe kwenye picha ni wa kijivu. Kwa hiyo vitu vinavyonishawishi mimi ni viwili. Cha kwanza ni tundu la lenzi, lile linaloandikwa f, na namba ikiwa ndogo tundu ndo kubwa. TG inaanzia f/2.0. Fujifilm XP140, kamera ya 2019 ya mita 25 ambayo kwa karatasi inaonekana inaishinda TG kwa kina, inaanzia f/3.9. Piga hesabu utaona TG inaingiza mwanga karibu mara nne. Mara nne! Hiyo ndo tofauti kati ya picha na kivuli cha picha, na hakuna boksi linaloiandika kwa maandishi makubwa. Cha pili ni RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika bado, kwasababu ile rangi iliyoliwa na maji unaweza kuirudisha baadaye kwenye kompyuta kama una RAW, kwenye JPEG, lile faili la kawaida ambalo kamera imeshalipika, utavuta nyekundu mpaka picha iwe na chenga. TG wanayo tangu TG-4 ya 2015. W300 pamoja na mita zake 30 haikuwa nayo. Kama hutaki habari za kompyuta basi hakikisha kuna setingi ya rangi ya chini ya maji na uitumie, na jambo kubwa kuliko yote ni kusogea. Sogea mpaka uone aibu. Kila sentimita ya maji kati yako na samaki ni uchafu na ubluu, na flashi haikuokoi, flashi ya kamera iko karibu na lenzi inamulika vile vipunje vinavyoelea unapata picha ya theluji. Mi chini ya maji flashi huwa naizima.

Skrini ya kugusa kwenye maji haifanyi kazi, hilo lijulikane, kwa hiyo unataka vitufe halisi, vikubwa, vinavyobonyezeka na vidole vilivyokunjamana kwa maji au vyenye glovu. Ijaribu dukani na glovu. Muuzaji atakushangaa, mwache akushangae.

Na kingine, nyingi zinazama! Watu wanaona kitu cha plastiki wanadhani kitaelea. Nunua mkanda wa kuelea, ule mnene wa rangi ya chungwa, bei yake ndogo sana. Ila uujaribu kwanza kwenye beseni kama kweli unaibeba hiyo kamera yako, ipo inayouza rangi tu.

Kuna nusu nyingine ya hizi kamera ambayo watu wanaisahau kwasababu neno maji limewajaa kichwani, nayo ni nchi kavu. Kwa maoni yangu asilimia kubwa ya faida iko huku. Fundi ujenzi anayepiga picha za kazi yake kwenye vumbi la saruji, mtu wa pikipiki, mkulima, mtu wa mapango, mzazi mwenye mtoto wa miaka minne anayetaka kushika kila kitu. TG-7 imepimwa kudondoka kutoka mita 2.1, kukandamizwa kwa uzito wa kilo 100, na kufanya kazi kwenye baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hapo kwenye kudondoka nako usijiachie sana, kipimo kinafanywa kwenye mazingira ya maabara, hakijui jiwe lenye ncha. Na kuna jambo nalisema kila siku, kamera ikishadondoka vibaya usiipeleke majini siku hiyo hiyo. Bodi linaweza kuonekana zima kumbe mlango umepinda unywele tu, na unywele ndo unatosha.

Ukiwa na hiyo TG kuna ile modi ya maikroskopu, inafokasi mpaka sentimita moja kutoka kwenye lenzi. Hii ndo inafanya watu ambao hawaogelei kabisa waipende, watu wa wadudu, watu wa maua, wanaotengeneza saketi. Mende mmoja anakujazia fremu nzima, hutamani ila huachi kuangalia. Ricoh nao kwenye WG zao waliweka taa ndogo ndogo kuzunguka lenzi kwa ajili ya kazi hiyo hiyo, ni wazo zuri sana, manake ukisogea sentimita moja kivuli cha kamera chenyewe kinakufunika.

Tatizo la leo ni kwamba uwanja umebaki mtupu. Zamani kila kampuni ilikuwa na yake, Canon walikuwa na D30, Nikon mpaka walijaribu AW1 mwaka 2013 ya kubadilisha lenzi na bado inaingia majini, Leica wakatoa X-U mwaka 2016 yenye sensa kubwa na bei ya kukutoa machozi. Zote hizo hazitengenezwi tena. Nikon ndo inauma zaidi, hawa ndo waliochukua Calypso, kamera iliyobuniwa na Jean de Wouters kwa ajili ya timu ya Cousteau, yule mpiga mbizi maarufu wa Ufaransa, wakaifanya Nikonos mwaka 1963 wakaiendeleza mpaka 2001. Simu ndo zilikuja kula soko lote la kamera ndogo. Hata Olympus walikiuza kitengo chao cha kamera, tangu Januari 2021 kiko chini ya OM Digital Solutions, ndo maana TG-7 imeandikwa OM System wakati TG-6 ya 2019 iliandikwa Olympus. Ni familia ile ile, na tofauti kati yao ni ndogo, TG-7 ina tundu la USB-C na vitu vichache vingine. Ukikuta TG-6 mpya kwa bei nzuri mi nisingesumbuka kutafuta 7.

Na simu je? Simu ya IP68 inaingia majini ndio, Apple wanaandika mita 6 kwa nusu saa tangu iPhone 12, lakini hao hao wanasema uwezo huo sio wa kudumu na uharibifu wa maji hauko kwenye waranti. Yaani wanakuambia inaweza lakini wao hawapo. Na mi simu ina benki yangu na namba zangu zote, siiweki majini kwa sababu ya samaki. Zile kamera za kuvaa kichwani, GoPro na wenzake, ni nzuri mno kama unachotaka ni vidio, tangu HERO5 ya 2016 zinaingia mita 10 bila kasha, ila kwa picha za kusimama, za kusogelea kitu kidogo, zinakuacha njiani, hazina zumu ya lenzi ya kweli na fokasi yake haisogei karibu. Na kama wewe milango ndo inakutisha, kuna SeaLife Micro, hawa walifanya jambo la kijanja, kamera haina mlango wowote wa kufungua, betri na kumbukumbu vimefungiwa ndani milele, inashuka mita 60. Hakuna gasketi ya kusahau kusafisha. Bei yake ni kwamba betri ikizeeka huibadilishi mwenyewe na kumbukumbu ikijaa imejaa. Kwa mtu mzembe, na nasema hivi kwa upendo, hiyo ndo kamera yake.

Kwa wale mtakaonunua mtumba, manake W300 na XP140 siku hizi utazikuta zaidi huko, fungua mlango wa betri kabla hujawasha. Angalia vile vyuma vya kugusana na betri, ukiona rangi ya kijani au weupe kama unga hiyo kamera imeshakunywa maji, hata kama inawaka vizuri. Ielekeze lenzi kwenye taa uangalie kama kuna ukungu au madoa kwa ndani. Angalia skurubu za bodi, kichwa kikiwa kimekwaruzika kuna mtu alishafungua, na kikishafunguliwa uani kile kipimo cha mita hakipo tena. Vuta gasketi kidogo kwa kidole uone kama inarudi. Na hata ikipita mitihani yote hiyo, hesabu bei ya gasketi mpya na kazi ya kuibadilisha ndani ya bei unayolipa, na mpaka ibadilishwe iishie kwenye mvua na vumbi.